Bata Mia Mbili wa Ghuba ya Nyabwiru

Bata wa Masatu alipandisha wavu wake asubuhi jua likiwa limeshakolea, na kilichomwagika kwenye sakafu ya chombo hicho hakikutosha hata kufunika viatu.

Masatu alirukia kwenye chombo, akainama, akachota kiganja kimoja. Dagaa walikuwa wembamba kama njiti za kiberiti, wadogo kiasi kwamba macho yalionekana kuzidi mwili. Alimnyooshea dada yake kile kiganja jinsi mgonjwa anavyomwonyesha daktari kidonda.

"Watoto hawa," alisema Nyangeta kutoka kwenye boti ya kipimo iliyofungwa ubavuni.

"Watoto, ndiyo. Lakini leo nyumbani tunakula hao hao."

Hapakuwa na mtu mwingine karibu, ingawa ghuba nzima ilikuwa imejaa vyombo. Bata hawakuwa vyombo vya kupandwa na watu. Kila mmoja alikuwa na kifua kipana, mgongo wa vioo vya jua na shingo ndefu iliyobeba kamera. Watoto ndio walioanza kuwaita bata, na jina likanata hadi kwenye vikao vya Baraza. Walitoka wenyewe, wakavua wenyewe, wakarudi wenyewe mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Tangu waje, hakuna mama wa Nyabwiru aliyeletewa maiti kutoka ziwani. Kwa hilo peke yake watu waliwapenda kama ndugu.

Siri ya bata ilikuwa chini ya tumbo lake, kwenye koo la chuma lililotoa wito. Sikio la binadamu halikuusikia. Dagaa waliusikia kama habari ya chakula, wakapanda juu mchana kweupe, bila taa, bila kusubiri giza. Bata alifungua wavu, akawapokea.

Baraza la Ghuba lilikuwa limeweka kikomo mapema kabisa: bata mia mbili, asiongezwe hata mmoja. Na kweli hakuongezwa. Kila mwaka mwenyekiti alisimama na kutangaza kwamba ghuba inasimamiwa vizuri, idadi ni ile ile. Kilichobadilika kilikuwa makoo. Mtu mmoja alinunua koo lenye sauti ya mbali zaidi, akavua vizuri mwezi mzima. Jirani yake akaona, naye akanunua. Ikafika mahali ambapo aliyebaki na koo la zamani alikuwa kama mtu anayenong'ona sokoni.

Nyangeta Chirangi, Mpimaji Mkuu wa ghuba, alishusha sikio la kipimo majini. Lilikuwa fimbo nyeusi yenye uwezo wa kuishusha sauti ya wito hadi pale ambapo mtu angeisikia. Akamvisha kaka yake visikilizio.

"Sikiliza mwenyewe."

Masatu alivaa akitabasamu, kama anayemridhisha dada. Tabasamu likafa. Alivivua haraka, akavitazama, akavivaa tena.

"Ni nini hiki?"

"Ni ghuba. Hao ni bata mia mbili wanaita kwa pamoja."

"Mbona wanapiga kelele hivi? Hata sauti ya bata wangu siisikii, na nimesimama juu yake!"

"Hata dagaa hawaisikii. Wanaitwa huku, wanaitwa kule, wanakimbia mchana kutwa. Hawali. Hawatagi. Wachache wanaofika juu ni hawa uliowashika."

Masatu aliwarudisha wale dagaa majini, ingawa walikuwa wameshakufa. Kisha akauliza swali ambalo Nyangeta alikuwa akilikwepa tangu alfajiri.

"Ile mashine yenu, Mizani, imesema nini?"

"Imesema wengi lazima watoke."

"Na mimi?"

Nyangeta aliivuta fimbo ya kipimo kutoka majini, akaikausha kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Wewe unabaki," alisema.

* * *

Kituo cha upimaji kilijengwa juu ya mawe makubwa, mwalo wote ukionekana kwa chini. Katikati ya chumba palikuwa na meza ya kioo iliyoonyesha ghuba jinsi ilivyokuwa dakika ile, kila bata akiwa doa la mwanga. Mizani ilizungumza kutoka mezani humo. Ilikuwa akili ya mashine ambayo Baraza liliinunua ili ipime kile ambacho wao walikuwa wakikihesabu tu.

Kwa maana Mizani haikujali idadi. Ilipima maji. Kila bata, kwa nguvu ya koo lake, upana wa wavu wake na saa anazokaa ziwani, alikuwa na kipande cha ghuba anachoweza kukisafisha. Mizani ilivijumlisha vipande hivyo, na jibu lake lilimkosesha Nyangeta usingizi: bata wa Nyabwiru walikuwa na uwezo wa kuivua ghuba nzima mara nne juu ya kile inachoweza kuzaa.

"Mpango wa kwanza uko tayari," Mizani ilisema kwa sauti yake ya upole. "Weka kidole kwenye kioo, Mpimaji, nami nitawazima."

Madoa yalibadilika rangi. Mengi yakawa mekundu. Yaliyobaki kijani yalikuwa machache, makubwa, yamekaa katikati ya ghuba. Nyangeta hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Karibu yote yalikuwa ya Mama Wandwi, mwenye bata wengi kuliko wote mwaloni. Moja lilikuwa la Masatu, fundi aliyelilea koo la bata wake kama mtoto.

"Kwa nini hawa?"

"Wanavua samaki wengi kwa gharama ndogo. Nikiwabakiza hao, ghuba itapona. Hilo nina uhakika nalo."

"Na wenye bata mmoja mmoja? Bibi Nyabise anawalea wajukuu kwa bata mmoja."

"Bata wake ni mnyonge. Anatumia nguvu nyingi kupata kidogo."

"Sikukuuliza habari za bata."

"Kupima bata ndiyo kazi niliyopewa," ilisema Mizani.

"Upo mpango mwingine?"

"Upo. Kila bata ashushe sauti, wote kwa kiwango kimoja. Nusu ya bata wapumzike kwa makubaliano ya wenyewe. Samaki watarudi. Lakini akitokea mmoja akapandisha sauti, ataona faida siku hiyo hiyo, wa pili atamfuata, na baada ya hapo hakutakuwa na dagaa wa kugombania. Mpango huo unategemea watu, nami siwezi kuupima."

Mlango ulifunguliwa. Mama Wandwi aliingia bila kubisha, mwanamke mrefu, kitenge chake kimepigwa pasi, viatu mkononi kwa sababu ya kupanda mawe. Alikuwa ameshaambiwa, habari haikuwahi kukaa ndani ya Baraza. Aliitazama meza, akaona kijani chake, wala hakuficha kwamba kimempendeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unachelewa? Weka kidole tupone."

"Nani atapona, mama?"

"Ghuba. Si ndiyo kazi yako?" Mama Wandwi alivuta kiti, akakaa. "Usidhani sina huruma. Nitawaajiri. Nitajenga kiwanda, watoto wao watasoma. Lakini huwezi kuwabakiza watu mia kwenye sahani moja eti kwa sababu wote wana njaa. Sahani itapasuka."

Nyangeta alijua kwamba maneno yale hayakuwa ya kijinga, na hapo ndipo uzito ulipokuwa. Kidole kimoja, na ziwa lingepona bila shaka yoyote. Kaka yake angebaki na chombo chake. Gharama ingelipwa na watu ambao hawakualikwa chumbani humu. Kwa upande wa pili kulikuwa na matumaini tu, na kama matumaini yangeshindwa, yangeshindwa kwa wote, pamoja na dagaa wenyewe.

Aliutazama mkono wake ulioegemea kioo. Ilimjia fikra iliyomtia baridi: kama ghuba hii inaokolewa na kidole cha mtu mmoja, basi siku yoyote inaweza kuuawa na kidole cha mwingine.

"Mizani," aliuliza, "bata wana masikio?"

"Wana masikio, Mpimaji. Wanatumia kuepuka kugongana."

"Wanaweza kumsikia jirani yao akipandisha sauti?"

"Kwa uhakika kabisa."

"Na wanaweza kuizima sauti yake? Nina maana watoe wimbi lililo kinyume na lake, yakikutana yafutane."

"Bata watatu wakimzunguka, wito wake hautatoka nje ya mita chache. Atapiga kelele bure."

Mama Wandwi alikuwa ameacha kutabasamu. "Unataka kufanya nini, Nyangeta?"

"Nataka kwenda kuwauliza wenye bata wenyewe," alisema Nyangeta, akaondoa mkono mezani.

* * *

Mwalo ulijaa hadi kwenye chanja za kuanikia dagaa, ambazo wiki zile hazikuwa na kitu. Nyangeta hakuanza na hotuba. Aliunganisha sikio la kipimo na vipaza sauti vya mnada, akawaachia watu ghuba yao.

Kelele ile ilipotoka, watoto walilia. Wanawake walijiziba masikio. Mzee mmoja alipaza sauti akiomba izimwe, na Nyangeta akaiacha iendelee kidogo kabla ya kuizima.

"Hivyo ndivyo tunavyowaita," alisema. "Sisi wote. Hakuna mwizi hapa. Kila mmoja alipandisha kidogo ili asizidiwe na mwenzake."

Akawaeleza mipango yote miwili bila kupamba. Alitaja ni nani wangezimwa kwa mpango wa kwanza, na akataja pia kwamba kaka yake asingezimwa. Minong'ono ikapita. Masatu, aliyesimama mbele, alikuwa amekunja mikono, uso umekakamaa. Alikuwa amemwomba dada yake aweke kidole, akamsihi kwa jina la baba yao, na leo alikuwa akimtazama kama mgeni.

"Na kama mpango wa pili ukishindwa?" Mama Wandwi aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote. "Waambie na hilo."

"Ukishindwa, hakuna wa kutuokoa. Mashine haitakuwa na uwezo wa kumzima mtu yeyote, wala mimi. Nitaufuta uwezo huo mbele yenu. Ulinzi utakuwa wa bata wenyewe: anayepandisha sauti atasikiwa na majirani zake, watamzunguka, na hatavua kitu mpaka ashuke."

"Bata wangu nao watazungukwa na hivi vibata vya bati?"

"Nao, mama. Watatu wanatosha."

Kicheko kilipasuka nyuma, na hata baadhi ya vijana wa Mama Wandwi walicheka. Yeye hakucheka. Lakini hakuondoka pia.

Aliyefuata kusema alikuwa Bibi Nyabise, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nusu wapumzike, umesema. Wangu ni mnyonge, hilo nalijua, kila siku anavutwa na wenzake kurudi. Basi huyu jirani yangu Tabu ana bata mzima. Tuvue na huyo mmoja, tugawane sawa. Wangu mumvue koo, avute maji kwenye bustani zetu. Tabu, unasemaje?"

Tabu, mwanamke mfupi mwenye mtoto mgongoni, alitazama huku na huku kama aliyeshikwa ugoni, kisha akaangua kicheko. "Nasemaje tena, bibi, na umeshanigawa mbele ya watu? Nakubali!"

Hapo mwalo ukachangamka. Watu walianza kuitana kwa majina, kukumbatiana, kubishana juu ya nani ana bata bora na nani anapumzisha. Wengine walipatana papo hapo, wengine walitukanana kwanza ndipo wakapatana. Kufika jua la alasiri kura ikapigwa, mikono iliyoinuliwa ilikuwa mingi kuliko ile iliyobaki chini, na Nyangeta akaweka kidole kwenye kioo kidogo alichokuja nacho kutoka kituoni, mara ya mwisho, kufuta nguvu ya kidole hicho.

"Imefutwa," ilisema Mizani kwenye vipaza sauti. "Mpimaji, sasa ninaweza kupima tu."

"Hiyo inatosha," alijibu Nyangeta.

* * *

Miezi ya kwanza ilikuwa ya njaa. Ghuba ilitulia, lakini dagaa hawazaliwi kwa kura. Watu walikula mihogo na mboga za bustani zilizonyweshwa na bata waliostaafu. Wengine walianza kumpita Nyangeta njiani bila salamu. Mama Wandwi, ambaye watu wote walingoja kumwona akivunja makubaliano, alipumzisha nusu ya bata wake akilalamika kwa kila aliyepita, wala hakupandisha sauti hata siku moja.

Aliyepandisha alikuwa Masatu.

Nyangeta alikuwa mezani doa la kaka yake lilipoanza kuwaka zaidi ya kiwango. Aliliona likivimba. Kisha madoa matatu yaliyokuwa jirani yakageuka, yakaanza kulisogelea.

"Mizani, ni hitilafu?"

"Siyo hitilafu. Amefungua koo kwa mkono wake."

Alikimbia hadi mwaloni. Watu walikuwa wameshajaa ukingoni, kwa sababu bata watatu kumzunguka mmoja halikuwa jambo la kukosa kuliona. Katikati alikuwa bata wa Masatu, shingo juu, akiita kwa nguvu zake zote. Maji yaliyomzunguka yalikuwa tulivu kama ya kwenye beseni. Hakuna hata dagaa mmoja aliyeruka. Mmoja wa wale watatu alikuwa chombo kidogo chenye kiraka cha bati ubavuni: bata wa Tabu na Bibi Nyabise.

Masatu alisimama majini hadi magotini, rimoti mkononi. Alimwona dada yake.

"Waambie wamwachie."

"Siwezi, kaka."

"Wewe ndiye uliyewatengeneza hivyo!"

"Ndiyo. Na niliwatengeneza wasinisikie hata mimi."

Alitaka kumshika mkono, hakuthubutu. Alijua kwamba nyumbani kwa Masatu kuna watoto watano na sufuria iliyokaa bila mboga. Alijua pia kwamba kama angekuwa bado na kidole kile, dakika hii angekitumia, na ghuba ingeanza kufa upya kwa ajili ya mapenzi yake kwa kaka yake. Alishukuru kwamba hana, na shukrani ile ilimuuma.

Hakuna aliyezomea. Hilo ndilo lililomshinda Masatu. Alingoja matusi, akayatafuta kwenye nyuso zao, akakuta watu wanaomtazama kwa njaa ile ile aliyonayo. Bibi Nyabise alishuka hadi majini, nguo zikilowa, akasimama kando yake.

"Mwanangu, mshushe apumzike," alisema. "Tutakuletea unga."

Masatu alibonyeza. Kule majini bata watatu waliachia duara, mmoja mmoja, wakarudi kwenye sehemu zao. Jioni ile unga ulifika kwake kutoka nyumba tatu, na gunia kubwa kuliko yote lililetwa na kijana wa Mama Wandwi, aliyesema ameagizwa asiseme limetoka kwa nani.

* * *

Dagaa walirudi baada ya mvua za vuli.

Hawakuja kidogo kidogo. Asubuhi moja uso wa ghuba ulianza kuchemka karibu na mawe, halafu katikati, halafu kila mahali, fedha tupu hadi macho yakauma. Bata waliokuwa zamu waliita kwa sauti ya chini, ile ya kiwango, na dagaa walipanda kwa makundi mapana kama mikeka iliyotandazwa. Walikuwa wakubwa, wanene, migongo yao imejaa. Mizani ilikuwa ikitangaza kipimo juu ya kipimo kwenye vipaza sauti mpaka Nyangeta akacheka na kuiambia inyamaze, watu wanajionea.

Vigelegele vilianzia kwenye chanja na kuvuka mwalo mzima. Wanawake walifunga vitenge kiunoni, wakapokea, wakaanika, wakakimbilia tena. Chanja zilijaa. Mikeka ikajaa. Watu wakaleta mashuka. Mama Wandwi alikuwa katikati yao, miguu peku, mikono imejaa magamba hadi kwenye viwiko, akipiga kelele kwamba dagaa wa aina hii hajawaona tangu akiwa msichana, na akimwita Nyangeta kwa jina la "mwanangu" mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo koo lolote la chuma lisingeifikia.

Nyangeta alimpata kaka yake ukingoni. Bata wake alikuwa ameshamwaga mizigo miwili, na wa tatu ulikuwa ukipanda. Masatu alikuwa amelowa kuanzia kichwani, na machozi na maji havikuweza kutenganishwa usoni pake.

"Dada," alisema. "Dada, waangalie."

"Nawaona."

"Chanja zimejaa?"

"Zimejaa. Wanaanika kwenye mashuka."

Masatu aliigeukia ghuba. Samaki walikuwa bado wanaruka, wengi kuliko waliokwisha kuvuliwa, wakiufuata wito hadi karibu na miguu yake. Hakuna sheria iliyomtaka asimame. Zamu yake ilikuwa na saa nyingi mbele. Aliishika rimoti, akamzima bata wake. Chombo kikafunga wavu, kikageuza shingo, kikaanza kurudi nyumbani.

Jirani yake alimwona, akamwita wake. Kisha Tabu. Kisha, upande wa pili wa mwalo, Mama Wandwi akanyoosha mkono wake wenye magamba kuwaelekeza vijana wake, na bata wakubwa wakaanza kugeuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka ghuba nzima ikawa safu ya shingo zinazorudi ufukweni. Nyuma yao hapakuwa na chombo wala sauti. Palikuwa na dagaa tu, wakiruka juani kwa maelfu, wala hakuna aliyewaita.